Urithi wa Mapipa na Mianzi

Mtu akitaja kiwanda cha pombe, wengi wetu hufikiria uzio wa waya, matangi yanayong'aa na malori yaliyopakia kreti. Viwanda vya namna hiyo tunavyo nchini, na kimojawapo kipo Mbeya. Lakini hapa Mafinga kuna kiwanda kingine cha kale zaidi, kisicho na bango wala mlinzi. Ni mapipa matatu au manne nyuma ya nyumba, mafiga, rundo la kuni, ungo wa kimea unaokauka juani, na huko bondeni kichaka cha mianzi ambacho kila mtu anamjua mwenyewe. Kiwanda hiki kimelipa kodi kwa Wajerumani, kwa Waingereza na kwa serikali yetu wenyewe. Kimesomesha watoto na kimevunja ndoa. Kimepita kutoka mkono hadi mkono bila hati yoyote.

Mwaka 2011, nilipostaafu ualimu, nilikabidhiwa kimoja. Aliyenikabidhi ni mama yangu mkubwa, aliyekipika zaidi ya miaka thelathini mpaka miguu ikakataa. Nilipotaka kujua nilichopewa ni nini hasa, nilikuta kwamba jibu haliwezi kupatikana bila historia. Ndiyo hiyo ninayotaka kuieleza hapa, ndugu msomaji, kwa kadiri niifahamuvyo.

Tuanze na mwanzi. Ulanzi hutokana na mwanzi ambao watu wa Iringa na Njombe huupanda kwa makusudi, hasa mabondeni na pembeni mwa maskani. Wataalamu wa mimea huuweka katika jamii ya Oxytenanthera. Mvua zinapoanza, mnamo Novemba na Desemba, machipukizi hutoka ardhini. Chipukizi likiwa bado changa mgema hukata ncha yake, kisha asubuhi na jioni hulichonga tena kipande chembamba ili kidonda kisifunge. Utomvu hudondokea ndani ya mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu kilichofungwa hapo. Ulanzi wa siku hiyo hiyo, ulio mtamu, huitwa mtogwa. Ukikaa, sukari yake hugeuka kileo, nao huitwa mkangafu. Nguvu yake hufika kiasi cha asilimia 5, karibu sawa na bia ya chupa. Ukizidi kukaa huwa mchachu kama siki.

Hakuna mtu atiaye hamira katika ulanzi. Chachu iko hewani, iko katika mbeta ya jana, iko katika kisu cha mgema. Wazungu wenyewe, kwa karne nyingi, walipika bia bila kujua kinachoichachua, mpaka Louis Pasteur alipoanza kuonyesha, kuanzia mwaka 1857, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai wadogo mno. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba mbeta mpya huchelewesha na mbeta ya zamani huharakisha, nao walipanga kazi yao kwa kufuata elimu hiyo.

Kichaka cha mianzi ni mali. Kina mpaka, kina mrithi, na kesi zake hufika barazani kama kesi za shamba. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa mkoa wa Iringa walihamishwa kutoka maskani yao ya zamani na kuwekwa pamoja vijijini. Nyumba zilizoachwa zilianguka, mashamba yakarudi kuwa msitu, lakini mianzi ilibaki imesimama. Kwa miaka mingi baadaye, ukitaka kujua babu wa fulani aliishi wapi, ulitazama mianzi. Wagema walitembea mwendo mrefu alfajiri kwenda kugema kwenye mahame yao, na nina hakika kwamba ulanzi ulisaidia kuwakumbusha watu ardhi yao kuliko karatasi yoyote.

Lakini ulanzi una msimu wake, nao ukiisha ndipo zamu ya komoni inapofika. Hii ni pombe ya nafaka. Kwetu unga wa mahindi hulowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto mkubwa, hupikwa kwa maji, hupozwa, na mwisho hutiwa kimea cha ulezi. Kimea ndicho roho ya kazi. Ulezi huloweshwa, hufunikwa mpaka uote, hukaushwa na kusagwa. Ndani ya mbegu iliyoota mna nguvu ya kuugeuza wanga kuwa sukari, na bila hiyo chachu haina cha kula. Tangu kuloweka unga mpaka kuchuja hupita kama juma zima. Pombe ya namna hii ina ndugu zake kila pembe ya nyanda hizi: kangara, kimpumu na nyingine nyingi.

Katika kazi hizi mna mgawanyo wa tangu zamani. Mwanamume hugema, mwanamke hupika. Mianzi hurithiwa zaidi upande wa baba, lakini vyungu hupita kwa wanawake: mama kwa binti, shangazi kwa mpwa, mama mkubwa kwa mtoto wa mdogo wake. Hiyo ndiyo sababu vyungu vilinifikia mimi, na si kaka zangu.

Zamani pombe haikuuzwa. Ilikuwa malipo ya kazi ya pamoja. Mwenye shamba kubwa alipika, majirani wakaja kulima, jioni wakanywa. Ilikuwa pia sehemu ya mahari, ya matambiko na ya kumaliza ugomvi. Asiyekuwa na nafaka ya kupikia alikuwa hana namna ya kuwaita watu, kwa hiyo pombe ilikuwa ni dalili ya uwezo na pia njia ya kuugawa uwezo huo kwa wengine.

Mwaka 1898 mambo mawili yalitokea katika nchi ya Wahehe. Mkwawa alijiua mwezi Julai baada ya kuwindwa na majeshi ya Wajerumani kwa miaka kadhaa, na mwaka huo huo kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni. Hilo la kwanza watoto hufundishwa shuleni, na nimelifundisha mwenyewe mara nyingi. Hilo la pili hutajwa kwa sentensi moja, ingawa ndilo lililoingia katika kila nyumba. Kodi ilihitaji fedha taslimu. Mwanamume aliweza kwenda kuitafuta kwa vibarua. Mwanamke aliyebaki nyumbani alikuwa na mahindi, ulezi na ujuzi wa kupika. Hivyo pombe, iliyokuwa imealika watu bure, ikaanza kupimwa kwa kata na kuuzwa.

Serikali nazo hazikukawia kuona. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizuia biashara ya pombe kali za kutoka ng'ambo katika sehemu kubwa ya Afrika, na chini ya Waingereza Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kununua pombe kali ya kizungu kwa miaka mingi. Pombe za kienyeji ziliachwa, lakini zilitungiwa sheria: leseni, mahali maalumu pa kuuzia, saa za kufungua na za kufunga, na ada ya kulipwa kwa mamlaka ya mahali. Hapo ndipo neno kilabu lilipopata maana yake ya leo. Wenye ofisi walihubiri dhidi ya ulevi asubuhi, na mchana walihesabu ushuru wa pombe. Baada ya uhuru mtindo haukubadilika sana. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendeleza leseni na saa, na serikali nyingi za vijiji ziliona kilabu kuwa chanzo cha mapato kisichokauka.

Mafinga yenyewe ilikua kwa mishahara ya watu wengine. Upande mmoja palikuwa na mashamba ya chai ya Mufindi, yaliyoanzishwa na walowezi kabla ya Vita Kuu ya Pili na baadaye kuendeshwa na kampuni ya Brooke Bond. Upande mwingine msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio mwaka 1939, ulipanuliwa sana katika miaka ya 1960 na 1970. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikatiwa lami. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi. Kila mwisho wa mwezi vibarua walishuka mjini wakiwa na fedha na baridi mwilini, kwani hapa tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai si miezi ya mchezo. Wanawake waliokuwa na mapipa walijua tarehe za mishahara kuliko makarani.

Bia ya chupa ilikuja kwa njia yake. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walishiriki kuanzisha Kenya Breweries huko Nairobi. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapata jina kutokana na mkasa huo. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ikaingia katika umiliki wake. Miaka ya 1980, wakati uchumi ulipoyumba, bia ya chupa ilikuwa ya kupatikana kwa kujuana. Mama mkubwa hukumbuka miaka hiyo kwa furaha isiyofichika. Mameneja na walimu wakuu, watu ambao hawakuwahi kuinama kuingia katika banda lake, waliinama. Mwaka 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini ikanunua nusu ya kiwanda cha taifa, kreti zikarudi madukani, nao wakaacha kuinama.

Kuna kisa kimoja cha bia ambacho nakipenda kuliko vingine. Katika miaka ya 1950, huko Kitwe katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Mjerumani mmoja aitwaye Max Heinrich aliamua kupika pombe ya kienyeji kwa njia ya kiwanda. Husimuliwa kwamba alikuwa na daftari ambamo aliandika kila pishi na maoni ya wanywaji, na wenyeji wakaipa pombe hiyo jina kutokana na kitabu hicho: Chibuku. Jina hilo limeenea mpaka Dar es Salaam. Mapishi hayakuwa yake, yalikuwa ya akina mama wa nchi ile. Chake kilikuwa daftari. Kwa daftari, pombe ya leo iliweza kufanana na ya juzi, mtu mwingine aliweza kuipika, na hatimaye iliweza kuuzwa pamoja na kampuni.

Jambo kama hilo lilitokea Ulaya mapema zaidi. Uingereza ya karne ya 14 ilikuwa na wanawake wengi mno waliopika pombe nyumbani na kuuza mlangoni. Pombe yao iliharibika upesi kama komoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupika nyingi wala kuisafirisha mbali. Kisha ukaja mmea uitwao hopu, ambao huifanya bia idumu. Bia inayodumu huweza kuwekwa ghalani na kupelekwa mbali, lakini huhitaji mitaji, vyombo vikubwa na mikopo, vitu ambavyo mwanamke wa zama zile hakupewa. Polepole kazi ikahama kwenda kwa wanaume wenye mali. Hakuna sheria iliyowafukuza wale mama kwa siku moja. Walishindwa na muda wa kudumu wa bia.

Nikirudi kwa nilichokabidhiwa, hesabu yake ni fupi. Banda si letu, tunalipia pango. Leseni ni ya mtu na ni ya muda, hairithiwi. Nililazimika kuiomba upya kwa jina langu. Mapipa yalikuwa manne, mojawapo likivuja. Palikuwa na daftari moja la madeni, ambalo nusu ya majina yake yalikuwa ya marehemu. Kilichobaki kilikuwa kichwani mwa mama mkubwa na mikononi mwake. Alipima joto la uji kwa kiwiko. Alijua kimea kimeiva kwa kukitafuna. Aliweka sikio juu ya pipa, akasikiliza, akasema, "Bado, mwanangu, bado inaongea."

Mimi ni mwalimu, nikaanza kuandika. Nilipima debe za unga, vikombe vya kimea, saa za kuchacha katika baridi ya Julai na saa hizo hizo mwezi Novemba. Mwanzoni aliona kama namdharau. "Mama, si kwamba siamini mkono wako," nilimwambia, "ila mkono wako siwezi kuubakiza." Alikaa kimya, kisha akasema niongeze kwenye daftari kwamba kimea cha ulezi mweusi kitiwe pungufu. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimeandika.

Jambo la kwanza katika daftari hilo, hata hivyo, si kipimo. Ni onyo kuhusu mahindi. Desturi mbaya imekuwapo muda mrefu kwamba mahindi mazuri huliwa na yaliyovunda hupelekwa kwenye pombe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwaka uliotangulia, Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete huko Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Kwanza ilivuma kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba sumu ilitengenezwa na bakteria waliomea katika unga wa mahindi ulioharibika. Mama aliyeipika pombe ile naye alikufa. Niliposoma habari hiyo nilimsomea mama mkubwa, naye akaniambia nimrudie tena sehemu ya unga. Tangu hapo gunia lenye harufu ya uvundo halivuki kizingiti chetu, na hata nguruwe hawapewi.

Ubaya wa pombe si wa unga peke yake. Siwezi kuandika historia hii kama kwamba kilabu ni shule ya Jumapili. Wengi wa wateja wangu niliwafundisha kusoma. Nimemwona kijana niliyempa zawadi ya hesabu darasa la saba akinywa mshahara wa msituni kwa siku mbili, na mkewe akija kusimama nje ya banda bila kusema neno. Kuna waumini wenzangu walioniambia waziwazi kwamba mwalimu hapaswi kushika kata. Nimewasikiliza, kwa sababu hawasemi uongo. Lakini wapo pia watoto waliolipiwa ada kwa kata hiyo, na mimi ni mmoja wao: sare yangu ya kwanza ya sekondari ilinunuliwa kwa komoni. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, ile iliyouzwa katika vifuko vya plastiki na kunywewa hata na watoto wa shule. Kilichokuwa kinawaangamiza vijana wakati huo hakikupikwa na mama mwenye pipa. Hata hivyo hilo halinipi ruhusa ya kunawa mikono.

Ndiyo maana niliamua kukiendesha, lakini kwa masharti. Hatufungui kabla ya saa ya sheria. Hatukopeshi, maana daftari la madeni ndilo lililokuwa likiharibu nyumba za watu. Mwenye mtoto mkononi hauziwi. Mtogwa huuzwa asubuhi kwa yeyote, na msimu wa ulanzi umekuwa nguzo ya biashara yetu. Tumepoteza wateja, na faida si kubwa: ukiondoa mahindi, ulezi, kuni, pango, leseni na ushuru, kinachobaki hutosha watu wawili na dada anayetusaidia kukaanga. Machicha huenda kwa wafugaji wa nguruwe, nao hutupa samadi kwa ajili ya bustani.

Mwanangu wa kike ameniuliza kama namtazamia yeye baada yangu. Sijamjibu ndiyo wala hapana. Ana kazi yake mjini Iringa. Nimemwonyesha daftari, nikampeleka pia bondeni kwa mjomba wangu, ambaye bado anagema. Huko tulimkuta mzee akipita kati ya machipukizi, mengine akiyakata ncha na mengine akiyaruka. Binti alimuuliza kwa nini anaacha yale manene, ambayo bila shaka yangetoa ulanzi mwingi. Mzee alimweleza kwamba chipukizi likishagemwa halikui tena kuwa mwanzi, na kwamba mashina ya mwaka ujao hulishwa na mianzi mikubwa iliyoachwa mwaka huu. Kichaka kile kilipandwa na babu yake. Alimpa kisu, akamwambia achague mwenyewe lipi la kugema na lipi la kuacha, kisha akasimama nyuma yake kutazama.